Zamu ya Bi Mkubwa

Sikuwahi kumpenda Bi Mkubwa, na yeye hakuwahi kuniomba nimpende. Tulikuwa wake wa mume mmoja hapa Brussels kwa miaka mingi, yeye Laeken, mimi Molenbeek, kati yetu mfereji na basi la kubadilisha njiani. Jina lake nalijua lakini sikulitamka mbele yake, na sitaanza leo. Kwetu Ujiji mke wa kwanza ni Bi Mkubwa, basi, hata akiwa mfupi kama huyu, ambaye akikaa kwenye kochi lake mwenyewe miguu ilikuwa inaning'inia kama ya mtoto.

Watu wakisikia uke wenza hutaka habari za matusi na maji ya moto. Sina. Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kelele. Angekuwa mtu wa kelele ningemjibu, tungechoshana, na leo ningekuwa nimeshapona. Silaha zake zilikuwa nyingine kabisa, na ya kwanza ilikuwa sufuria.

Mume wetu alikuwa analala siku mbili kwake na siku mbili kwangu. Hiyo ndiyo zamu, kama ilivyo kwa kila Mwislamu mwenye wake wawili anayemwogopa Mungu, na zamu hubadilika magharibi. Jioni ya zamu yangu mimi nilikuwa jikoni tangu alasiri. Nilikuwa napika ndagala wa Tanganyika, wale wa kununua kwenye maduka ya Waafrika mtaa wa Matonge, na mboga za lengalenga, na ugali wa moto. Anaingia, anavua viatu, anakaa, anaangalia sahani kwa huruma. Ameshiba. Bi Mkubwa hakuwa anamruhusu kutoka Laeken na njaa. Alimlisha saa kumi na moja, akamlisha tena saa kumi na mbili, kisha ndio akamfungulia mlango. Mume aliniletea mdomo unaonukia pilau ya mtu mwingine, na mimi nikafunika ugali wangu.

Siku moja nilimtuma mume amwambie aache. Jibu likarudi, naye alilitoa kwa sauti ya Bi Mkubwa, maana alikuwa anajua kumwigiza: "Mwambie mi siwezi kufukuza muntu na njaa. Bon, yeye kama anataka kumulisha, amulishe asubui."

Na nguo. Kanzu ilifika kwangu imepigwa pasi, na begani kulikuwa na mkunjo mmoja ambao ni yeye peke yake anayeuweka, mwembamba, umenyooka hadi kwenye kiwiko. Nilikuwa naiweka kwenye meza, nachukua pasi yangu na maji, naufuta ule mkunjo. Mume anacheka, ananiuliza kama kanzu ina homa. Akirudi Laeken mkunjo unarudi. Tuliendelea hivyo miaka nenda miaka rudi, wanawake wawili tukipigana begani mwa mtu, naye hakuona chochote ila kwamba wake zake ni wasafi.

Ni yeye aliyemnunulia baiskeli pia. Bi Mkubwa alikuwa na mapenzi na mashindano ya baiskeli kwenye televisheni, jambo ambalo sijaliona kwa mama mwingine yeyote wa Buyenzi, mtaa wao kule Bujumbura. Anavaa ushungi wake, anashika tasbihi, anawatukana waendeshaji wanaobaki nyuma kwenye milima. "Angalia ule mubuyu, anakanyaga kama anaogopa kuumiza pédale!" Kisha anasema astaghafirullah, anavuta punje moja ya tasbihi, anatukana tena. Mume alikuwa ananisimulia haya huku machozi ya kicheko yanamtoka, na mimi nacheka naye, na ndani ninaungua. Mimi nilikuwa na kipi cha kuchekesha cha kusimuliwa Laeken?

Alikuwa na mambo yasiyoendana. Aliogopa mbwa hata wa kwenye picha, lakini alifanya kazi miaka mingi Auderghem kwa bibi mmoja mzee wa Kibelgiji mwenye mbwa wawili wakubwa, na kila asubuhi aliwatembeza msituni. Aliwasemesha Kiswahili. Watu waliomwona walisema anatangulia mbele na kamba nyuma yake, hageuki, anapiga kelele, "Muko? Muko hapo?" na wale mbwa wanafuata kama wanafunzi wa madrasa. Yule bibi alipokufa, watoto wake walimweka Bi Mkubwa kiti cha mbele kanisani. Mimi ninatunza wazee majumbani, nawaogesha, nawalisha, nawaimbia, na wakifa ninaambiwa na ofisi kwa simu kwamba Jumanne niende kwa mwingine. Hata kwenye misiba ya Wazungu alinizidi.

Kifaransa alikijua, ila alikitumia kama watu wanavyotumia vikombe vya wageni. Akiwa dukani hakijui, akitaka kupunguziwa bei anakijua. Kwangu mimi hakutumia lugha yoyote. Tukikutana kwenye ndoa za watu alinipa vidole vitatu vya mkono wa kulia, akauliza, "Muko salama?" akageuka kabla sijajibu. Niliuchukia wingi ule. Niko peke yangu mbele yake, sina mtoto, sina mtu, na ananiuliza muko salama. Yeye watoto wake wanne walimzunguka kama kuta.

Sasa niseme habari za kifo, maana bila kifo nisingekuwa na la kusimulia zaidi ya sufuria na pasi.

Mume wetu aligongwa na lori la mizigo karibu na mfereji, lori likikata kulia na yeye akienda moja kwa moja. Ilikuwa alasiri. Magharibi ya siku ile zamu ilikuwa inahamia kwangu, na yeye alikuwa amewahi kutoka. Kwa hesabu ya dini alikuwa bado wa Bi Mkubwa. Kwa jinsi baiskeli ilivyoelekea alikuwa wangu. Nimelifikiria jambo hilo kuliko ninavyofikiria dua, na sijui kama nitaulizwa.

Polisi walikwenda Laeken, kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikishwa Laeken. Mimi niliambiwa na jirani. Matanga yalikuwa Laeken, khitma Laeken, wanawake wa Bujumbura wote walipanda ngazi za Laeken na vyungu vyao. Kazini Bi Mkubwa alipewa likizo ya msiba, ni haki ya mke. Mimi ofisi iliniuliza marehemu ni nani yangu kwa karatasi. Kwa karatasi si chochote; tulifungishwa ndoa sebuleni kwa watu, sheikh na mashahidi, na serikali ya hapa haijui mambo ya sebuleni. Nikachukua siku zangu za mapumziko ya mwaka, nikaenda kukaa mkekani kwa Bi Mkubwa, karibu na mlango, kama mtu aliyekuja kuomba kikombe cha sukari. Alinitengea sahani kwa mkono wake. Hakunikumbatia. Nilimwonea wivu hata kwa jinsi alivyokuwa hawezi kusimama.

Hapo ndipo bima ilipoanza. Mtu wa kampuni ya bima ya lile lori alikuja mapema mno, na karatasi tayari, akiwa na haraka ya kutusaidia. Bi Mkubwa alimpa chai, akamwangalia anavyokunywa, hakutia saini. Watu walimsifu kwamba ana akili. Haikuwa akili. Alidhani ile ni dia.

Katika dini, dia ni malipo ya damu, na ukiipokea mkononi umeshamsamehe aliyeua. Wazee wawili walimwambia hivyo pale pale sebuleni. Yeye alikuwa hajamsamehe dereva na hakuwa na mpango huo. "Achukue mali yake," alisema. "Mi nitabaki na asira yangu." Miezi ikapita, karatasi zikarundikana, mwanawe mkubwa akawa anamsihi, yeye anavuta tasbihi. Mwishowe mwanawe akatupeleka sote kwa wakili, mama wa Kibelgiji mwenye subira, ambaye alizoea familia za msiba.

Wakili alitueleza taratibu, mtoto anatafsiri. Alisema sheria ya hapa inamlinda sana mwenye baiskeli, kwa hiyo hatutabishana sana kuhusu nani alikosea. Bima lazima ilipe. Kubishana kutakuwa juu ya nani amepoteza nini. Kuna gharama za mazishi. Kuna kile marehemu alichokuwa analeta nyumbani, ambacho hakitaletwa tena. Na kuna uchungu wenyewe, ambao mahakama pia inautambua, ingawa kila mtu anajua hauna kipimo.

Bi Mkubwa akauliza: "Na dereva? Tukichukua, tumemusamehe?"

Wakili alihitaji kuelezwa swali hilo mara mbili. Kisha akasema, "Madame, anayelipa ni kampuni. Msamaha wako haumo kwenye faili yangu. Huo baki nao, mpe umtakaye."

Nilimwona Bi Mkubwa akikaa vizuri kwenye kiti. "Alors," akasema, "tuandike."

Kisha wakili akanigeukia mimi, na nikajua kwa uso wake kwamba linakuja lisilo zuri. Alisema uchungu wa mke wa ndoa na wa watoto hauulizwi, mahakama inauchukulia kuwa upo. Mwingine yeyote lazima athibitishe: kwamba aliishi na marehemu maisha ya kweli, ya muda mrefu, yanayojulikana. Na akasema nitafute wakili wangu mwenyewe, kwa sababu yeye hawezi kutubeba wote wawili. Kama marehemu alikuwa na nyumba mbili, bima itasema alichokuwa analeta kiligawanyika, na fungu la Bi Mkubwa litapungua.

Nilitoka pale nikaenda kuomba wakili. Si mali niliyokuwa nataka, Mungu anajua. Nilitaka mahali fulani, kwenye karatasi yoyote ya nchi hii, paandikwe kwamba yule mtu alipokufa mimi nilifiwa. Bi Mkubwa alihitaji kulia tu. Mimi nilitakiwa kuthibitisha kwamba nalia.

Wakili wangu wa msaada wa kisheria aliandika maelezo yangu kwa kutumia mkalimani wa simu, dada mwenye sauti nzuri aliyejifunza Kiswahili chuoni. Nilisema marehemu alikuwa kwangu kwa zamu. Zamu! Neno hilo nililisema kwa fahari, kwa sababu ndilo linalotenganisha mke na hawara. Hawara hana zamu, ana bahati tu. Yule dada akalitafsiri kama zamu za kazini. Na kwa kuwa kwenye karatasi hizo hizo imeandikwa kwamba kazi yangu ni kutunza wazee, bima ikajibu kwa heshima kubwa: bibi huyu, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mhudumu aliyemhudumia marehemu kwa zamu, tunampa pole, lakini mhudumu hafiwi.

Wakili wangu alisema tutarekebisha, lakini neno likishaingia kwenye faili linakaa kama mgeni mwenye mizigo. Nilileta majirani waandike. Bima ikasema majirani wanaandika chochote. Nilileta picha. Wakasema hata mhudumu hupigwa picha. Mwishowe hakimu mwenyewe akasema anataka kumsikia mjane. Mjane, yaani yeye.

Usifikiri nilimwendea kumwomba. Sikwenda. Ningekula majivu kwanza. Nilijua pia kinachomngoja: akisema ndiyo, fungu lake linapungua, na mwanawe mdogo alikuwa bado anasoma. Hakuna aliyemtaka aseme uongo. Angeweza kusema hajui tu, na isingekuwa ajabu kwa mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga kwangu.

Mahakama ile ni chumba cha kawaida chenye taa nyeupe na joto kali. Bi Mkubwa aliingia na koti lake la kwenda Auderghem. Kifaransa siku hiyo alikuwa hakijui. Mahakama ilimpa mkalimani, baba mtu mzima wa Lubumbashi, Mkristo wa kanisa kila siku, mpole. Hakimu akamuuliza yule mwanamke aliyekaa kule ni nani, na hizo zamu zilikuwa kazi gani.

Bi Mkubwa alifungua vifungo vya koti, kimoja kimoja.

"Zamu si kazi," akasema. "Siku mbili iko kwangu, siku mbili iko kwa ule mama. Alikuwa bwana yetu."

Yule baba wa Lubumbashi aliposikia "bwana yetu" akageuza kwa Kifaransa, taratibu, karibu ainamishe kichwa: alikuwa Bwana Wetu, Mola wa kanisani. Hakimu akavua miwani. Mawakili wa bima wakatazamana. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuelewa wameshangazwa na nini.

Bi Mkubwa alielewa mara moja. Kile Kifaransa alichokuwa hakijui kikapanda ghafla. "Non, non, papa, si ule wa kwa misa! Bwana! Mari!" Akajipiga kifuani, kisha akaninyooshea kidole, mkono mzima, sio vile vidole vitatu. "Le mari à nous deux. Mimi na ule. Kila muntu wa Bujumbura anajua. Ule wa simu angegeuza neno vizuri tusingefika hapa."

Hakimu alimuuliza kama anaelewa maana ya anachokisema kwa dai lake mwenyewe. Akasema amesikia, ameelezwa, na je, anaweza kwenda, maana ana basi.

Hukumu ilipotoka niliandikwa. Mwenza wa marehemu, maisha ya kweli, ya muda mrefu, yanayojulikana. Nilisoma sentensi hiyo nikiwa nimesimama jikoni na nikalia vizuri kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyepewa ruhusa. Fungu la Bi Mkubwa lilipunguzwa, kama alivyoonywa. Hakulalamika kwa mtu, au kama alilalamika hayakunifikia. Na je, nilimshukuru? Nilimwonea wivu zaidi. Kumbe hata wema ulikuwa umetangulia kwake, ukaja kwangu ukiwa umeshaliwa nusu. Wanawake walinisimamisha sokoni kunisifia Bi Mkubwa. Moyo gani ule, dada, moyo gani. Mimi nanunua vitunguu vyangu, naitikia.

Niliendelea hivyo karibu miaka miwili, hadi binti yake aliponipigia simu. "Maman mudogo, maman anaumwa miguu, hatoki tena. Anauliza kama utapita." Nikapita, asubuhi moja ya jua la baridi, na machungwa mfukoni. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia nyumba ile bila kuwa na msiba. Bi Mkubwa alikuwa kwenye kochi, miguu imefungwa bandeji na imewekwa juu ya kigoda. Alikuwa amekonda uso. Binti akatuletea chai, akatoka kwenda kazini, tukabaki wawili.

Alimenya chungwa, akanipa nusu. Tulikula. Nikaona kwamba kama sitauliza sasa sitauliza tena.

"Bi Mkubwa," nikasema, "siku ile mahakamani, ungeweza kusema hujui."

"Ningeweza."

"Walikupunguzia."

"Najua walinipunguzia, mi si mutoto."

"Sasa kwa nini?"

Alitema mbegu kwenye kiganja, akaziangalia. Nilitegemea aniambie habari ya Mungu, au ya haki, au kwamba alinihurumia, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa lolote kati ya hayo.

"Angalia," akasema. "Wale watu walikuwa wanasema weye ulikuwa unafanya kazi tu. Donc, siku zako, bwana alikuwa hayuko kwa bibi yake. Alikuwa wapi? Miaka yote ile mi nalala hapa peke yangu, natuliza roho, nasema ni haki ya mwenzangu, Mungu ndiye aliiweka. Kama weye haukuwa bibi yake, mi nililala peke yangu bure?"

Nilishika chai.

"Na weye," akasema, hata hakuniangalia, "siku zangu, ulikuwa unalala?"

Nikafikiria kumdanganya. Kisha nikamwambia: "Sikulala hata usiku mmoja, Bi Mkubwa. Nilikuwa najigeuza mpaka alfajiri, nawaona nyinyi."

"Hata mumoja?"

"Hata mmoja."

"Bon," akasema Bi Mkubwa, akajilaza nyuma kwenye kochi, na uso wake wote ukafunguka kwa raha. "Ile tu ndiyo nilikuwa nataka kujua."